Mama wa mtoto mmoja anakwenda chuo: ajiunge na shughuli zipi?

Msomaji wa Makete, mwenye miaka 22, ameuliza hivi:

"Shikamoo mama. Niliacha shule kidato cha pili baada ya kupata ujauzito. Mwanangu sasa ana miaka mitatu. Nimepata nafasi ya kusoma ushonaji kwa miaka miwili katika chuo cha maendeleo ya wananchi mkoani kwetu Njombe. Nitakaa bweni na mtoto atabaki kwa bibi yake. Ada analipa mjomba, naye ameshanionya kwamba nakwenda kusoma, siendi kucheza mpira wala kuimba kwaya. Wenzangu waliotangulia wanasema ukijifungia bwenini chuo hukifaidi. Nimsikilize nani? Na mtu kama mimi zinamfaa shughuli zipi?"

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kupata nafasi. Nitangulize jibu, maelezo yafuate. Jiunge na shughuli mbili, zisizidi. Ya kwanza iwe kamati ya chakula, ya pili iwe mpira au netiboli. Kwaya, klabu na vyeo vya serikali ya wanafunzi viache vikupite mwaka wa kwanza. Mjomba naye msikilize kwenye jambo moja kubwa: saa za karakana hazigusiki.

Nimefundisha ushonaji na kuwa matroni katika vyuo vya nyanda hizi kwa miaka mingi, na nimewafuatilia wanafunzi wangu baada ya kumaliza. Wanaokwama mtaani wengi wao wanashona vizuri kabisa. Kinachowakwamisha ni kutaja bei bila hesabu, kumshonea shangazi gauni kwa mkopo kisha kuona haya kumdai, kununua kitambaa pungufu, au kugombana na mwenzao wa fremu kabla hata kodi ya miezi sita haijaisha. Mambo hayo hayafundishwi kwenye cherehani. Mtu huyajua anapokabidhiwa mali ya wenzake na kutakiwa aitolee hesabu mbele yao, na chuoni nafasi hiyo ipo jikoni kuliko mahali pengine popote.

Mjomba wako huenda anaona chuo ni darasa na cheti tu, mengine ni starehe. Mweleze kwa heshima vyuo hivi vilivyoanza. Vilianzishwa mwaka 1975, wakati wa Mwalimu Nyerere, kwa wazo lililotoka Sweden. Asili yake hasa ni Denmark, ambako chuo cha kwanza cha namna hiyo kilifunguliwa mji wa Rødding mwaka 1844. Wazo lenyewe lilikuwa kwamba watu wazima waishi pamoja, wale pamoja, wafanye kazi za mikono, wajadiliane na waimbe, bila mtu kuulizwa alifeli mtihani gani. Leo vyuo vya serikali vya aina hii ni 54 na viko chini ya wizara ya elimu. Kwetu huku kuna Ilula, Ulembwe, Njombe, na Nzovwe kule Mbeya. Kwa hiyo bwalo, shamba na uwanja vilihesabiwa kuwa masomo tangu mwanzo. Ila hiyo isiwe kisingizio cha kutoroka karakana. Nimewaona waliokuwa nyota wa kila sherehe ya chuo, na siku ya mtihani wa vitendo hawajui kuweka zipu.

Sasa nikueleze kamati ya chakula, maana najua umeshangaa.

Katika vyuo vingi vya bweni wanafunzi huchagua wenzao wachache wa kusimama na mwalimu wa chakula. Wanapokea mahindi na maharage yanapoletwa, wanashuhudia yakipimwa, wanaandika kwenye daftari la stoo, na kila siku wanampimia mpishi. Kazi hii haina sifa. Hakuna wa kukupigia makofi, na siku maharage yakizidi chumvi utalaumiwa wewe ambaye hata hukupika. Ndiyo maana nafasi zake hazigombewi, na ukijitolea utaipata.

Chukulia gari la mahindi limefika jioni na mwenye mzigo ana haraka. Unachukua bambo, kile chuma kilichochongoka chenye mfereji, unachoma gunia katikati, kisha unachoma karibu na kitako, kwa sababu mahindi mazuri huwekwa mdomoni mwa gunia. Unamimina kiganjani. Unatazama kama yamebunguliwa, unanusa kama yana uvundo, unauma punje moja. Ikikatika kwa mlio imekauka. Ikibonyea kwenye jino, mzigo huo utaota ukungu stoo kabla ya mwezi kwisha, hasa kwa baridi na unyevunyevu wa kwetu. Halafu mizani. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, imepigwa marufuku na gunia kisheria lisizidi kilo 100, lakini hapa chuo ndicho mnunuzi, na anachoibiwa mnunuzi ni upungufu.

Piga hesabu mwenyewe. Chuo chenye wanafunzi 150, kila mmoja akipimiwa nusu kilo ya dona kwa siku, kinakula kilo 75 kwa siku. Kwa mwezi ni magunia 22 na nusu. Kila gunia likipungua kilo 5 na asiwepo wa kusimama kwenye mizani, zimekwenda zaidi ya kilo 110. Hicho ni chakula cha chuo kizima kwa siku moja na nusu hivi, na ndiyo maana ya ule ugali kupungua mwisho wa mwezi huku kila mtu akimnung'unikia mpishi.

Ukiifanya kazi hiyo mwaka mmoja, akili inabadilika. Siku mwalimu mkuu wa shule ya msingi atakapokuita kushona sketi 40 za sare, hutakurupuka kutaja bei. Utasema sketi moja inakula mita moja na robo, kwa hiyo 40 ni mita 50, nikiongeza kidogo kwa kitambaa kitakachosinyaa kikilowekwa. Kuna uzi, kuna zipu na vifungo, kuna mkaa wa pasi, kuna nauli ya kufuata jora Makambako. Ndipo unataja. Jora likija utalipima mbele ya mwenye duka kabla hujatoa hela, na hutaona aibu, kwa sababu umeshazoea kusimama kwenye mizani mtu mzima akikukodolea macho.

Kuna na upande wa watu. Rafiki yako wa kitanda cha juu atakuja stoo akuombe umwongezee kidogo, kwa siri. Ukimkatalia kwa upole, na kesho mkaenda wote kuteka maji kama kawaida, umeshajua namna ya kumdai shangazi. Wasichana wengi huona kukataa ni ugomvi, na biashara zao hufa kwa sababu hiyo hiyo.

Nikuonye kitu kimoja. Ukiletewa daftari usaini kilo ambazo hukuziona zikipimwa, usisaini. Sema tu, "Mwalimu, naomba tupime tena." Mara nyingi ni haraka ya kazi, wala hakuna ubaya wowote, na mtapima. Ukiona anakasirika kila mara unapoomba kupima, nenda kwa matroni au kwa mkuu wa chuo mkiwa kamati nzima. Usiende peke yako.

Shamba hutaliepuka, kwa hiyo silihesabu kama shughuli ya kuchagua. Vyuo vingi vina mahindi, viazi, mboga, nguruwe au kuku, na huku kwetu siku hizi na miparachichi. Ni urithi wa siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, na mimi naiunga mkono kwa sababu chakula hicho mnakila wenyewe. Ninachokataa ni shamba kula muda wa karakana. Zamu ya asubuhi kabla ya vipindi, sawa. Jumamosi, sawa. Lakini mkiona vipindi vya vitendo vinafutwa wiki baada ya wiki ili mkapalilie, hilo ni la kupelekwa kwenye baraza la chuo kupitia serikali ya wanafunzi, kwa maandishi, pamoja na tarehe za vipindi vilivyopotea. Tena uangalie mikono. Shika satini siku uliyotoka kulima uone nyuzi zinavyokwama kwenye vidole. Paka mafuta ya mgando usiku, na siku ya kushona kitambaa laini omba zamu ya jikoni au ya kufagia.

Kuhusu mpira, najua mjomba hapo ndipo atakapokunja uso. Kwa msichana aliyekwishazaa na kukaa nyumbani miaka mitatu akibeba mambo peke yake, uwanja unafanya kazi ambayo ushauri wangu hauwezi kufanya. Kichwa kinapumua, usingizi unakuja, na unapata watu ambao hawakujui kwa jina la "yule aliyeacha shule". Vyuo vya maendeleo ya wananchi vina hata mpango wa soka la wanawake unaoitwa Mpira Fursa, unaosimamiwa na shirika la Karibu Tanzania. Uliza kama chuo chako kimo. Kama hakimo, netiboli haikosekani popote. Mara mbili kwa wiki inakutosha. Safari za mashindano ya mbali zikigongana na wiki ya mtihani, baki.

Kwaya ni nzuri na sina neno nayo, ila ina mazoezi ya usiku, na karibu na mahafali mazoezi hayo hayaishi. Ngoma za asili vilevile. Ukiwa mwimbaji kweli, imba kanisani Jumapili.

Serikali ya wanafunzi ina rais, mawaziri, bunge dogo, na wakati wa kampeni utavutwa uwe wakala wa huyu au yule. Mwaka wa kwanza wapigie kura watu wa maana, uishie hapo. Mwaka wa pili, kama kamati imekukomaza, gombea uwaziri wa chakula au wa fedha. Uwaziri wa habari na burudani waachie wenye muda.

Kuna shughuli ambazo hazimo kwenye ratiba na ndizo zinazoharibu watu, nami nitazisema waziwazi kwa sababu wewe ni mtu mzima. Kuanzia Desemba mvua zikishika, ulanzi, pombe ya mianzi, unagemwa na kuuzwa kwa bei ya chini kila kijiji cha huku. Wa asubuhi ni mtamu kama juisi, na wasichana hunywa wakidhani si pombe. Ukikaa hadi jioni umeshachacha. Vilabu vya ulanzi vilivyo jirani na chuo ndiko wanafunzi wanakopotelea Jumamosi mchana, halafu Jumatatu mkono unatetemeka kwenye mstari wa kushona. Usiende, hata kwa kusindikiza.

Mapenzi siwezi kukukataza, ila nakuomba sana usiache mimba ya pili ikukatishe masomo mara ya pili. Huduma ya uzazi wa mpango ni bure katika zahanati na vituo vya afya vya serikali. Nenda wiki ya kwanza, kabla hujamjua mtu yeyote, maana ukishampenda utaona haya. Na mwalimu au mfanyakazi yeyote wa chuo akikuahidi maksi au upendeleo kwa malipo ya aina hiyo, hiyo ni rushwa ya ngono na ni kosa la jinai. Mwambie matroni. Ukimwona matroni ni mzito, nenda dawati la jinsia la polisi au TAKUKURU.

Mtoto hukuniuliza, lakini amejaa kwenye barua yako yote. Usimfiche. Wanaoficha huishia kupiga simu chooni na kulia usiku, kisha siri inatoka kwa njia mbaya. Mwambie matroni siku ya kwanza, waambie wenzako wa chumba siku yoyote utakayojisikia. Hutakuwa peke yako, kwa sababu vyuo hivi hupokea kina mama wadogo wengi, na upo mpango unaoitwa Elimu Haina Mwisho, nao ni wa Karibu Tanzania, uliolenga hasa wasichana walioacha shule kwa sababu kama yako. Ndani yake mnasoma masomo ya sekondari pamoja na ufundi, na watoto wanakuwa na mahali pa kulelewa chuoni. Kabla hujaondoka, mpigie simu mkuu wa chuo umuulize maswali mawili: mpango huo upo kwao? Na mtoto wa miaka mitatu anapokelewa? Jibu likiwa ndiyo, ongea na bibi yake upya. Jibu likiwa hapana, pangeni siku maalumu za kupiga simu, mfano Jumatano na Jumapili baada ya chakula cha jioni, na mzishike. Mtoto huzoea kungoja siku anayoijua. Simu ya ovyo ovyo ndiyo inayomliza.

Nikuambie pia kwamba mlango wa masomo ya sekondari haukufungwa. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 uliruhusu waliokatiza masomo, wakiwemo waliojifungua, kurudi shuleni, ingawa aliyekaa nje muda mrefu kama wewe aulize kwanza kama bado anapokelewa. Sikushauri uache ushonaji. Nataka ujue kwamba umekwenda chuo kwa kuchagua, hukutupwa huko, na mwanafunzi anayelijua hilo hukaa darasani kwa namna nyingine.

Mwaka wa pili ongeza kitu kimoja: kikundi cha hisa. Tafuta wenzako wanne au zaidi wa ushonaji, wale uliowaona kwenye kamati na uwanjani wanavyotunza ahadi, muanze kuweka akiba kidogo kila wiki kwa mtindo wa vikoba: sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, na aliyeshika funguo asishike sanduku. Msikope hela ya sare wala ya nauli humo. Mkimaliza chuo mkiwa kikundi chenye katiba, kumbukumbu za vikao na akiba inayoonekana, mwende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata mkaulizie usajili. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Wasichana wengi hukimbilia kuunda kikundi wiki moja kabla ya kuomba, na majina ya watu wasiojuana. Mikopo ya namna hiyo huishia kwa mmoja kulipa na wanne kuhama simu. Ninyi mtakuwa mmeshapimana miaka miwili. Tena wewe ni wa Makete, na Wakinga kwa biashara hamfundishwi na mtu.

Mjomba usimwambie habari za hisa leo. Kabla hujaondoka, mwombe akusimamie umpime: shingo, mabega, kifua, urefu wa mkono, kifundo. Andika kwenye daftari lako. Kola ya shati la mwanamume ndiyo kazi inayomtambulisha fundi, na wengi wenu mtaiweza muhula wa pili au wa tatu. Ukiiweza, mshonee. Pamoja na shati mpelekee ratiba yako ya wiki, karakana saa ngapi, uwanja saa ngapi, kamati saa ngapi. Akiona saa za karakana ndizo nyingi, na kola imekaa sawasawa shingoni kwake, habari ya mpira atakuachia.

Ratiba hiyo iandike mwenyewe wiki ya kwanza, na uache jioni mbili bila kitu kwa ajili ya karakana. Cherehani huwa chache kuliko wanafunzi. Mchana mnagawana, jioni wengi wako uwanjani au wanachati, na anayeomba ufunguo kwa adabu na kuurudisha kwa wakati hupewa tena. Jifunze ya miguu hata kama zipo za umeme. Umeme ukikatika kijijini kwako, oda haitangoja.

Vya kubeba fomu ya kujiunga itakutajia: godoro, ndoo, jembe, fyekeo, shuka, rimu ya karatasi. Ongeza blanketi la pili na sweta zito, kwa sababu Juni na Julai usiku wa Njombe hauna mzaha, na wewe wa Makete unaijua baridi ila hujawahi kuilala katika bweni la sakafu ya saruji. Nunua futi kamba nzuri isiyovutika. Mkasi wa kitambaa uwe wako mwenyewe, uandike jina kwenye mpini kwa msumari uliopashwa moto, na usikubali mtu aukatie karatasi.